Hina Kwenye Mguu wa Khemais

Hina ukiiacha itoke yenyewe mkononi, huchukua siku kama ishirini. Mimi nimeisugua kwa ndimu, kwa majivu, hata kwa jiwe la kusugulia visigino, na bado ipo. Wanawake waliokuja kutupa pole waliviangalia viganja vyangu wakatazamana. Nani anapaka hina nyumba ikiwa na msiba? Nilichukizwa na macho yao. Viganja vyenyewe vilinichukiza zaidi.

Kaka yangu Khemais, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisuka vikapu katika soko la Jara, hapa Gabes, kwa miaka arobaini na mitatu. Alisuka kwa mikono miwili na mguu mmoja. Ncha ya ukili, ule mkanda wa makuti yaliyosukwa, aliibana kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, akauvuta hadi ukakaza, mikono ikaendelea na kazi. Kidole kile kilikuwa kigumu kama pembe. Mkewe Dalenda alikuwa akisema, "Mimi nimeolewa na ngamia." Naye humjibu, "Ngamia ndiye anayekulisha, mama."

Hakuwa mtu asiye na kasoro. Sigara alivuta, na moyo wake ulikuwa ukidunda ovyo, na vidonge vya kuzuia damu isigande alimeza siku anazokumbuka. Lakini uongo hakuuweza. Mteja akimuuliza kama kikapu kitadumu miaka kumi, yeye husema, "Mitano. Ukikiacha mvuani, miwili."

Mwaka huu alipata mgeni kibandani. Binti wa chuo kikuu, jina lake Sirine, alikuwa akifanya utafiti kuhusu wanunuzi wanaojali mazingira. Kaka alimpa kigoda, na kwa wiki tatu binti alikaa pale na karatasi zake akiwauliza wapita njia: Unabebea nini vitu vya sokoni? Mifuko ya plastiki unaikataa?

Majibu yao yalinichukiza. Siku moja alisimama mwanamke mwenye mfuko mweusi wa plastiki, maji ya samaki yanavuja hadi kwenye viatu vyake. Akasema, "Plastiki? Astaghfirullahi! Haiingii kwangu." Sirine akaandika, na tone la maji yale likaangukia karatasi yake.

"Binti," kaka akamwambia, "unaandika maneno yake au unaandika mfuko wake?"

"Naandika anachosema, baba. Ndivyo utafiti ulivyo."

"Basi utapata mji wa malaika. Waambie wenzako wa chuo wahamie huku."

Hajj Brahim, muuza hina wa kibanda cha jirani, alicheka hadi akakohoa. "Khemais, nyamaza! Unamharibia mtoto masomo."

Mimi sikucheka. Mitende ambayo kaka alikuwa akiikata makuti imejaa mifuko hiyo hiyo, inapepea kama matambara. Mbuzi wetu alikufa msimu uliopita, na alipopasuliwa, tumboni mlikuwa na bonge la plastiki lililovunda; harufu yake ilikaa uani wiki nzima. Nikamwambia kaka kwamba watu hawa ni najisi. Akatikisa kichwa. "Mtu akitumia plastiki, ametumia plastiki, Wassila. Lakini yule binti amemkosea nini hata amdanganye? Anauliza kwa sababu hajui."

Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimempelekea mkate na chai kama kawaida. Alikuwa anasuka. Ghafla kidole gumba kikaachia ukili. Akaushika tena, kikaachia tena.

"Mguu umelala," akasema, akaupiga ngumi. Nikaugusa. Ulikuwa wa baridi kuliko maji ya mtungi, na mweupe kama unga.

Kwetu mguu ukipoa tiba yake ni hina. Mama yetu alifanya hivyo, na bibi yetu kabla yake. Hajj Brahim alitoa ile nzuri ya ndani, hakutaka hata senti. Niliikanda kwa maji ya moto kwa mikono yangu mwenyewe, nikampaka kaka kuanzia vidoleni hadi gotini, nikaufunga mguu kwa vitambaa. Sirine alikuwa amesimama pale na karatasi zake kifuani.

"Shangazi, mpelekeni hospitali. Nawaomba."

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe ulizia mifuko."

Watu wakacheka. Kaka naye alicheka, huku jasho linamtoka kwa maumivu. Tulimpeleka nyumbani. Adhuhuri alikuwa anauma shuka. Ilipofika alasiri maumivu yakakoma kabisa, nasi tukasema alhamdulillahi, hina imefanya kazi. Nilisali rakaa mbili za kushukuru. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa mguu uliokwisha kufa.

Magharibi Dalenda akamwambia achezeshe vidole. Havikucheza. Hapo ndipo tukamfuta hina, tukamtia kwenye teksi.

Hospitalini tulikuta familia nyingine mbele yetu, mzee wao ana mguu kama wa kaka. Daktari, mwanamke mwembamba aitwaye Rim Ghorbal, alikuwa akisema nao kwa sauti ya chini, lakini nilisikia. Wamechelewa. Mguu ukikaa bila damu muda mrefu hujaa sumu, na mshipa ukifunguliwa sumu yote hukimbilia moyoni. Utakatwa ili mtu apone. Binti wa yule mzee alijitupa sakafuni.

Kisha daktari akaja kwetu akiwa na fomu. Alituambia kwamba wanafanya utafiti kuhusu mishipa inayoziba ghafla, wanataka kujua kila mgonjwa amefika baada ya saa ngapi. "Lakini kwanza ni kwa ajili yake yeye," akasema. Akaubonyeza mguu wa kaka, akausogeza kwenye taa. Hina ilikuwa imekolea hadi gotini, nyekundu inayokaribia kuwa nyeusi.

"Rangi ya ngozi siioni," akasema. "Mama, nisaidie. Mguu ulianza kupoa saa ngapi?"

Nilikiona kile kidole gumba. Nilimwona kaka akilini, ameketi kibandani na mguu mmoja, ukili umelegea, watu wanamhurumia.

"Baada ya alasiri," nikasema.

"Una hakika? Na hii hina?"

"Ya harusi. Tulikuwa na harusi wiki iliyopita."

Dalenda aliniangalia, akainamisha uso. Kaka alikuwa amechomwa sindano ya usingizi, lakini alifumbua macho. Akasema, polepole, "Asubuhi."

"Anaweweseka," nikamwambia daktari.

Naandika neno hili na mkono unataka kutapika, kama mkono ungeweza. Neno la mwisho la kaka yangu lilikuwa la kweli, nami nililiita ugonjwa.

Wakamfungua mshipa. Walipotoka naye, daktari aliniita niuguse mguu. Ulikuwa wa moto, nikaubusu. Nikasema moyoni: Mola wangu, umenisitiri. Haikupita saa moja, moyo wake ukasimama. Walihangaika naye sana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siku za msiba watu walileta kuskusi na mikate, vyote ndani ya mifuko ya plastiki, hadi mlangoni mwa msuka vikapu. Waliniambia, "Ulifanya kila uliloweza, Wassila." Nami niliitikia, "Alhamdulillahi." Sirine alikuja pia. Alinieleza kwamba wanane katika kila kumi walijibu kuwa hubeba kikapu. Hakutabasamu. "Baba Khemais alijua," akasema. Nilishindwa kumtazama. Miaka yote nimewatemea mate wale wa mifuko, na uongo wao haujamzika mtu.

Siku ya kumi na mbili nilirudi hospitalini. Daktari Rim alinitambua.

"Nimekuja kurekebisha fomu," nikasema. "Ilikuwa saa tatu asubuhi."

Akaitoa fomu kwenye faili. "Na hina?"

"Asubuhi ile ile. Niliikanda mimi."

"Kwa hiyo yeye alisema kweli."

"Alisema kweli."

Alifumba macho kidogo. "Mimi nilikuwa na shaka," akasema. "Nilitaka kukuamini kwa sababu nami nilitaka mguu ule upone." Akauliza kama ningekuwa radhi hilo la hina liandikwe kwenye utafiti, ili madaktari wa Gabes wasiamini rangi ya mguu uliopakwa, wala ndugu wa mgonjwa peke yao. Nikasema aandike yote. Aandike na jina langu, ikiwa inaruhusiwa.

"Majina hatuandiki, mama."

Hilo nalo lilinichukiza, kwamba hata hapo nitasitirika. Ndiyo maana jina langu nimeliandika hapa.

Alikata mstari juu ya saa ile ya uongo, akaandika saa tatu juu yake, akanigeuzia karatasi nitie sahihi. Nikaishika kalamu. Kiganja kilikuwa bado chekundu, na daktari alikiona.