Siku Meshack Alipoufunga Mgahawa wa Mama Adam

Kwa heshima na taadhima, wakazi wa Masumbwe na vitongoji vyake, wachimbaji wa mashimo yenye dhahabu na yenye udongo mtupu, waendesha bodaboda, wafiwa na wenye sherehe, mnatangaziwa kwamba Generosa, mke wa fundi Valerian, mama yake Adam, mpika ugali, amepata Mpango Mkakati wa Miaka Mitano. Mpango una Dira. Mpango una Dhima. Una malengo ya muda mfupi, wa kati na mrefu. Mliovaa kofia, vueni. Mnaotafuna, mezeni kwanza.

Aliupatia kwenye semina ya wajasiriamali wadogo, ukumbi wa parokia. Mwezeshaji alikuwa Theonest, kijana nadhifu kutoka Shinyanga mjini, mwenye kalamu za rangi nne na imani kubwa kwa kila moja. Wenzake Generosa walifuata soda. Soda ilipoisha, na wao wakaisha. Akabaki yeye peke yake mstari wa mbele, anaitikia kwa kichwa mpaka shingo ikamuuma.

Msimcheke, alikuwa na sababu. Tangu aolewe akitokea kwao Ushirombo, maisha yake yote yalining'inia kwenye mashimo ya watu wengine. Huku shimo la dhahabu linaitwa duara, na duara likitoa dhahabu wanasema limetema. Likitema, wachimbaji wanakula nyama asubuhi. Likikauka, wanapotea usiku mmoja, na sahani zako wanaondoka nazo. Generosa aliwahi kuwauzia maji kwenye mashine za kusaga mawe, watu wakahamia rashi nyingine, machimbo mapya yaliyosikika yametema. Akauza mitumba, wakahama tena. Safari hii amepanga fremu mjini, amefungua mgahawa, na ameapa.

"Nimechoka kula bahati za watu," alimwambia mumewe. "Nataka mtu mwenye njaa ya kila siku."

Na mtu huyo alikuwepo. Pembeni ya mji palikuwa na kambi ya mkandarasi wa barabara, imejaa wanaume wenye kofia ngumu ambao mchana ukifika wanaumwa na njaa wote kwa pamoja, kama waliopigiwa kengele. Hawategemei duara wala mvua. Theonest aliwaita wateja wa kudumu. Generosa aliwaita wanangu, kabla hata hawajamjua.

Mpango ulivyomwingia damuni, nyumbani hapakukalika. Jioni moja Valerian alimkuta ameketi, anajisemea kwa sauti: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho vya biashara yake.

"Na mimi niko wapi humo?" Valerian akauliza, anacheka.

"Uko kwenye udhaifu."

Kicheko kikakatika. "Na mama yangu?"

"Vitisho."

Valerian akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu aoe.

Hata hivyo, udhaifu huyo alikuwa na wazo moja, na hakuchoka kulirudia. Fremu ile ilikuwa chumba kimoja: mbele wanakaa walaji, nyuma ya pazia ndiyo jikoni. Jikoni palikuwa na kidirisha chenye nondo cha kutolea moshi. Mlango ulikuwa mmoja tu, wa mbele.

"Mama Adam, nikutobolee mlango wa nyuma. Matofali nayatoa mwenyewe, mbao ninazo."

"Mlango uko kwenye mpango?"

"Mlango wa mgahawa, mke wangu. Wa kupitia watu."

"Nimekuuliza, uko kwenye mpango?"

Haukuwepo. Kilichokuwepo ni kipengele cha kujitangaza, kwa hiyo Valerian alitumwa kupandisha ubao juu ya paa: GENEROSA MGAHAWA, KINARA WA LISHE BORA KANDA YA ZIWA. Ng'ambo ya barabara, jirani yake Jenifa, aliyekuwa anauza chakula miaka yote bila ubao wala Dira, alikaa kwenye stuli akausoma polepole mpaka mwisho.

"Kanda nzima, Mama Adam? Hata Mwanza?"

"Hata Mwanza."

"Hongera, shoga. Mwanza wameshaambiwa?"

Basi, siku moja akaja Eustace, mtunza stoo wa kambi, shati limenyooka, anachagua kiti kama anayechagua mchumba. Alikuwa anatafuta mahali pa kulisha watu wake. Generosa akampakulia sahani ya kujaa. Eustace hajafika katikati ya sahani, akaingia Meshack.

Meshack alikuwa mchimbaji, Msukuma wa upande wa Kahama, na siku hiyo alikuwa tope kuanzia unyayo mpaka kope. Kwa Jenifa, wachimbaji wenye tope walikuwa wanakalishwa nje, juu ya jiwe. Lakini Dhima ya Generosa ilisema kila aingiaye ahudumiwe kwa hadhi sawa. Aliikariri mwenyewe, na sasa ilikuwa imesimama mlangoni, inadondosha matope.

"Mama," Eustace akasema, ameifunika sahani yake kwa kiganja, "hawa nao mnawalisha humu humu?"

"Hapa wote ni wateja, baba," Generosa akasema. Akamgeukia Meshack. "Karibu mwanangu, kaa hapa kwenye feni."

Feni ikapuliza, na tope la Meshack likafika kwa Eustace likiwa na harufu zake zote. Hata hivyo, Eustace alimaliza chakula, akalamba na vidole.

"Unajua kupika. Alhamisi nakuja na injinia mwenyewe. Akila akaridhika, kambi nzima inahamia hapa mpaka lami iishe. Ila yule," akaelekeza kidevu kwenye feni, "siku hiyo akae nje."

Meshack alisikia, tonge likiwa mdomoni.

Alhamisi ikafika. Generosa alikuwa ameagiza sato mkubwa kutoka Geita, mpana kama mlango wa kabati. Vitambaa vya meza vimepigwa pasi, vikombe vimetazama upande mmoja. Kabla ya adhuhuri zikasikika honi, nyingi, zimechanganyika na vigelegele. Akakimbilia mlangoni: kumbe injinia anakuja kwa shangwe namna hii?

Alikuwa Meshack. Hakuwa ameoga. Alitoka duarani moja kwa moja mpaka kwa mnunuzi wa dhahabu, na kwa mnunuzi moja kwa moja mpaka hapo, na wenzake wote nyuma yake.

"Mayu!" Alimwita kama anavyomwita mama yake mzazi. "Mayu, duara limetema! Leo nafunga hapa!"

Msomaji usiyetoka huku, ngoja nikueleze. Mchimbaji aliyetoboa ana njia moja ya kuutaarifu ulimwengu: anafunga. Analipia kila kilichomo ndani, kisha anaamua nani aingie na nani asiingie. Wanafunga baa, wanafunga saluni. Kuna mmoja alifunga mashine ya kusaga mahindi, akakaa juu ya gunia siku nzima anasikiliza mtambo ukiunguruma kwa heshima yake.

"Hapana, mwanangu, leo usifunge," Generosa akasihi. "Funga kesho. Funga kwa Jenifa!"

"Jenifa alinikalisha kwenye jiwe. Wewe ulinipa feni."

Akamsokomezea bunda la noti kwenye mfuko wa aproni. Wenzake walishakaa, vitambaa vya pasi vimeshageuka rangi, na bodaboda imeegeshwa kuziba mlango. Generosa akalichomoa bunda, akamrudishia.

Meshack hakulipokea.

"Mayu," Meshack akasema taratibu, "unanirudishia bahati?"

Wachimbaji wanaamini kwamba fedha ya kwanza ya duara ikikataliwa, duara linajifunga, na linajifunga likiwa na watu ndani. Mzee mmoja pale kwenye kona akaliweka tonge chini. "Mama, una watoto. Usituue." Ungefanya nini wewe? Generosa akalirudisha bunda mfukoni, akaingia nyuma ya pazia, akalipiga teke gunia la mkaa.

Ndipo nje ikasikika sauti ya shati lililonyooka. "Hodi! Tumekuja kula."

"Nani?" Meshack akauliza toka ndani.

"Eustace, wa kambini. Niko na injinia."

"Ndiye yule wa 'siku hiyo akae nje'?"

Nje viatu vikarudi nyuma hatua moja.

"Basi kaa nje, baba. Ng'ambo pale kuna jiwe zuri."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Generosa akatoka jikoni mbio, upawa mkononi. "Meshack! Huyo ndiye Dira yangu!"

"Dira?"

"Ndiyo!"

"Usilie, mayu. Nitakununulia nyingine."

Generosa akarudi jikoni, hana pa kutokea. Akakikumbuka kidirisha. Akapiga kelele, akawaita wazunguke nyuma, na kweli wakazunguka: Eustace, na injinia, mama mrefu mwenye buti za njano. Generosa akamtwaa sato, akampitisha kati ya nondo. Kichwa kikapita. Mapezi yakapita kwa kusukumwa. Tumbo likagoma. Akasukuma, akavuta, akamgeuza ubavu, mchuzi ukamchuruzika kiwikoni. Sato akabaki hapo, nusu nje nusu ndani, anamwangalia injinia kwa jicho moja.

"Mama," injinia akauliza kwa upole, "huyu samaki anaingia au anatoka?"

"Anatoka, mama! Ngoja kidogo, anatoka!"

"Mbona simwoni akitoka?"

Na hapo, kutoka ng'ambo ya barabara, ikaja sauti ya Jenifa, tamu, haina haraka: "Karibuni huku jamani! Huku hakujafungwa. Mlango wa mbele upo, na wa nyuma upo!"

Wakaenda. Injinia akala dagaa wa Jenifa, akaridhika.

Fedha ya Meshack ilikuwa nzuri, nani abishe. Ila ilikuwa fedha ya siku moja, na Generosa alishachoka na siku moja moja. Tangu wiki ile, kila mchana kofia ngumu zinapita chini ya ubao wake wa Kanda ya Ziwa, zinaushangaa kidogo, zinavuka barabara. Anazitazama ameshika upawa, na upawa hauna kosa lolote lakini ndio unaogongwa ukutani.

Meshack naye duara lilimkaukia. Akarudi na tope lake, akakaa palepale kwenye feni, akaagiza maharage.

"Mayu, siku ile nilikuheshimisha, eeh?"

"Uliniheshimisha," Generosa akasema, meno yamebana. Akamwongezea mchuzi, maana Dhima haijafutwa.

Theonest akarudi kutoka Shinyanga kufanya tathmini. Ukumbi wa parokia ulijaa, soda zilikuwepo. Akamsimamisha Generosa mbele ya watu wote, akamshika bega, akamsogezea kipaza sauti.

"Ndugu washiriki, huyu ndiye mama aliyeuelewa mpango mkakati kuliko wote! Mama Adam, tuambie sisi tunaojifunza kwako. Katika safari yako ya miaka mitano kuelekea ukinara wa Kanda ya Ziwa, jambo la kwanza kabisa, la msingi kabisa, utakalolitekeleza ni lipi?"

Generosa akamtafuta Valerian kwa macho. Alikuwa amekaa mstari wa mwisho, nyundo mapajani. Generosa akakisogelea kipaza sauti.

"Mlango wa nyuma."