Taya Lilipokataa Kufunguka

Ninyi mnaouangalia mdomo wangu uliopinda na kuona haya kuuliza, ngojeni niwaambie mwenyewe.

Zama za Mwingereza nilikuwa msichana mkorofi wa kijiji cha Maji ya Chai, domo kaya, niliyemchosha baba yangu, mzee wa kanisa. Meno yangu yalikuwa ya kahawia kama ya wenzangu wote, kwa sababu ya madini ya maji yetu. Basi uvimbe ulipoota ndani ya shavu, nani angeshtuka? “Ni jino tu hilo,” walisema. Waling'oa moja, wakang'oa na la pili. Uvimbe ukazidi, ukatoa damu na usaha, ukanuka hata dada zangu wakahama kitanda. Niliona aibu, nikatamani kufa.

Kisha taya likakaza kabisa. Mama alichovya kitambaa kwenye maziwa na kunikamulia midomoni, yakaishia shingoni. Nilibaki mifupa mitupu, njaa inanitafuna na chakula kiko mbele yangu.

Bibi, mama yake baba, akasema, “Mng'oeni meno mawili ya mbele ya chini, kama tulivyong'olewa sisi. Maziwa yatapita kwenye pengo.”

“Mama, mila hiyo tuliiacha tulipobatizwa,” baba akasema.

“Haya. Utamzika nayo.”

Baba alitoka. Nilimsikia akilia migombani. Aliporudi, alinishika kichwa yeye mwenyewe, na bibi akang'oa kwa kisu. Niliumia vibaya sana, lakini siku hiyo nilimeza.

Nilipopata nguvu kidogo, baba alinibeba hadi hospitali. Daktari Mzungu alipapasa shavu, akasema, “Hili si jino. Ni kansa ya nyama ya mdomo. Kwa watoto ni nadra. Nikikata, uso utaharibika, na bado siahidi kitu.”

“Kata, bwana daktari,” baba akasema.

Walikata shavu na kipande cha taya. Miezi ilipita nikidondokwa na mate, kila asubuhi nikidhani kansa imerudi. Haikurudi.

Wazazi, uvimbe usiopona mdomoni mwa mtoto msiuite jino. Mpelekeni hospitali mapema, sisi tulichelewa mno.

Namshukuru Mungu, daktari na baba. Bibi alifariki nikiwa bado nimefungwa bandeji wodini, siwezi kutamka neno. Sikumwambia asante. Ndiyo maana nawaambia ninyi.