Mabula wa Kamanga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama sebuleni kwa baba, daftari mkononi, nikaisimamisha harusi ya dada yangu Neema ikiwa imebaki wiki moja.

Nilikuwa kijana, nauza mitumba Mkuyuni, na nilikuwa nimejipa kazi ya kuandika ukoo wetu. Baba wa babu yetu alikuwa Mabula wa Kamanga. Nikawauliza akina Daudi, mchumba wa Neema; nao wakasema wametokana na Mabula wa Kamanga. Jina lile lile, kijiji kile kile, enzi zile zile. Basi, nikafunga hesabu.

"Hawa ni ndugu wa damu," nikatangaza. "Hapa hakuna ndoa."

Mama aliacha kuchambua mchele. Baba akasema, "Kesho wewe na Neema mtavuka ziwa kwenda kwa shangazi yangu Milembe. Mabula ndiye aliyemzaa. Akithibitisha, nitakwenda mwenyewe kuwaambia akina Daudi."

Kwenye kivuko Neema alinipa mgongo mpaka Kamanga. Nilimnunulia karanga, akampa abiria mwingine.

Bibi Milembe tulimkuta uani kwake Sengerema, anaanika mihogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona mna nyuso za msiba?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Huyo Mabula wao, mama yake nani?"

Nikafungua daftari. Nikafunua kurasa zote, mbele na nyuma.

"Sikuuliza, bibi."

"Hukuuliza! Mwaka aliozaliwa baba yangu mvua ilinyesha kupita kiasi. Kila nyumba iliyopata mtoto wa kiume ikamwita Mabula, kwa ajili ya mvua. Wewe umeona mmoja tu? Baba yangu alizaliwa na Ngolo. Mashati ya kuuza unayageuza ndani nje, babu yako umempokea bila kumkagua?"

Neema akaanza kulia. Mimi nikaona bado nusu. Bibi alikuwa amesema upande wetu tu. Nikawaacha uani, nikaenda kwa mzee wa akina Daudi, hapo hapo Sengerema. Nikamuuliza mama yake Mabula wao ni nani, bila kumtajia jina la Ngolo.

"Mama yake Mabula? Minza," akasema. "Alikuja mjamzito kutoka Geita na mumewe. Kamanga hawakuwa na ndugu hata mmoja."

Nilirudi mbio na jibu hilo. Neema alifuta machozi kwa kanga ya Bibi, akanitazama. "Kaka, wewe jua la Mkuyuni limekupiga."

Aliolewa. Kwenye sherehe nilipangiwa kuosha masufuria, na sikubishana bei.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiandika wazee wako, jina lisikutoshe. Uliza alizaliwa na mama gani, walitoka wapi, kaburi lake liko wapi. Ukijibiwa, nenda kamuulize mtu wa upande wa pili bila kumdokezea jibu. Na kabla hujamaliza, usifungue mdomo sebuleni. Pale anakaa mtu mwenye harusi yake.

Mungu akukutanishe na wazee wako wangali na kumbukumbu zao, na akujalie aibu ndogo ya kuuliza, isije ikakupata kubwa kama yangu.