Dobi Aliyefeli Mtihani wa Meli

Mjomba wangu alikuwa dobi kwenye meli kubwa ya abiria kwa miaka kumi na mmoja, na bahari aliiona siku za kupanda na kushuka tu. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, jirani na injini, hakina dirisha. Humo alifua na kupiga pasi vitambaa vyeupe vya meza za ukumbi wa daraja la kwanza. Vitambaa vilipanda juu kwa lifti ya mizigo. Yeye hakuruhusiwa kupanda.

Meli ilipostaafu ikapata wapenzi, kama marehemu anavyopata marafiki. Wakaunda chama cha kuienzi. Mwenyekiti ni daktari wa meno, katibu ni muuza miwani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusafiri nayo. Kila Jumamosi hukutana kwenye chumba cha kungojea wagonjwa, wamevaa sare nyeupe za manahodha walizojishonesha, wakibishania uzito wa nanga. Mimi nilikuwa nawacheka tu, mpaka walipomgusa mjomba.

Ilikuja habari kwamba meli itavutwa ikakatwe vyuma chakavu, na chama kimeruhusiwa kuingia asubuhi moja, watu kumi na wawili. Mjomba alitaka kitu kimoja tu duniani: auone huo ukumbi. Akajiunga na chama, lakini wanachama walikuwa wengi kuliko nafasi, wakapewa mtihani. Dohani ya pili ilipakwa rangi gani kwanza? Nahodha wa tatu alizaliwa mwaka gani? Mjomba aliyajua madoa, ya mvinyo, ya mchuzi, ya wanja, ila madoa hayakuulizwa. Alipata mawili kati ya thelathini.

"Pole, Mzee," mwenyekiti alimwambia. "Haki ni haki. Ila tuna ombi dogo. Siku hiyo tungependa sare zetu zinyooke, na wewe ndiye fundi."

"Nyie leteni tu," mjomba akajibu, mpole kama si yeye.

Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani, nikasema moyoni, lakini huyu kakaa ngamani tu, chini ya meli, hata omo ya mbele hajafika!

Tulitakiwa kuzifikisha sare bandarini saa mbili asubuhi. Nilipomfuata nimsaidie kubeba, nilimkuta amevaa ya mwenyekiti, yenye mistari minne ya dhahabu mabegani, imenyooka hata nzi angeteleza.

"Mjomba, utatuaibisha!"

"Beba hizo kumi na moja, twende."

Tulifika saa moja. Mlinzi akampigia saluti, akatufungulia kamba, na mjomba akapanda ngazi ya abiria bila kugeuka nyuma.

Ukumbini meza zilikuwa wazi, hazina vitambaa. Mjomba akainama akazitazama. Zilikuwa za plaiwudi, zimechubuka, nyingine zimegongwa misumari kama meza za nyanya sokoni. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kumbe wakubwa wa daraja la kwanza walikuwa wanakulia hapa! Na wanausifu ukumbi!"

Sijawahi kumwonea fahari mtu kama nilivyomwonea saa ile.

Mara mwenyekiti akaingia na wenzake, anahema, na kishati chake cha nyumbani.

"Mzee! Hiyo sare ni yangu. Vua!"

Mjomba hakubisha. Akafungua vifungo kimoja kimoja, akavua koti, akalitandaza juu ya plaiwudi kama kitambaa cha meza, akalipitishia kiganja mpaka likalala sawasawa.

"Haya," akasema. "Sasa pigeni picha."