Uzi Mwekundu wa Gobore la Babu

Nyumba yetu ilinuka vitu viwili: tumbaku iliyokuwa ikikauka kwenye bani, banda la kukaushia, nyuma ya jiko, na baruti. Tumbaku ilikuwa ya baba na baruti ilikuwa ya babu, na hata harufu zao zilikuwa hazipatani. Babu alitoka Kalenga, kwao Wahehe, akiwa kijana, akaja Chunya kutafuta dhahabu, akaikosa, akabaki na gobore. Alilipata kihalali, likaandikwa kwa jina lake, na kila kiangazi idara ya wanyamapori ilipofungua msimu alikwenda kuchukua kibali chake cha pongo mmoja au wawili. Jioni alilifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya alizeti, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Baba akipita alisema, “Hilo bomba la maji utalifuta mpaka lini?” Babu aliendelea kufuta. Nilicheka, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na baba ndiye aliyekuwa anachekesha.

Nikiri mapema kwamba baba hakuwa na makosa yote. Babu alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika jicho moja lote na nusu ya la pili, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimekufa ganzi tangu alipougua miaka mingi nyuma. Kijijini hawakujua, maana mzee alitembea njia zake zilezile na kusalimia watu kwa sauti zao. Macho yake yalikuwa mimi, Tumpe, mjukuu wake wa kike. Tulijificha karibu na kisima cha wanyama, hatua chache tu kutoka maji, nami nikiweka kidole begani kwake. Nikikisogeza kushoto, anageuza mtutu kushoto. Nikikibonyeza, anafyatua. Watu walimsifu kwa shabaha, naye alinikonyeza kwa lile jicho bovu. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Kazi yangu nyingine ilikuwa uzi. Gobore halina mlango wa kuchungulia. Ukitaka kujua kama lina kitu ndani unazamisha ufito wa kushindilia mtutuni. Babu alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye ufito. Uzi ukigusa mdomo wa mtutu, gobore ni tupu. Likiwa limeshindiliwa vizuri, uzi unabaki juu kwa vidole vinne. Vikizidi vinne, umeshindilia mara mbili, na ukifyatua, mtutu unaweza kupasuka usoni pako. Kila mara, kabla hajagusa baruti, babu aliniuliza kwa sauti ya chini, “Uzi?” Nami nilimjibu, “Mdomoni, babu.” Hakupima mara ya pili. Aliniamini kuliko alivyoiamini mikono yake.

Mwaka huo tumbaku ilikubali, na baba akaamua kununua bunduki yake. Miezi miwili hatukuongea habari nyingine. Alitaka ile ya masafa marefu, yenye darubini juu, ampige pongo akiwa ng’ambo ya korongo. Alinichukua mpaka Mbeya mjini, kwenye duka lenye nondo dirishani, la mzee mmoja wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

“Hiyo hawakupi, mwanangu,” alisema. “Chukua shotigani, ya marisau. Andika nguruwe pori wanamaliza mahindi.”

“Mimi nataka ya pongo, mzee.”

“Karatasi haimjui pongo. Karatasi inajua shamba. Ukishapata, ndiyo uende kwa watu wa wanyamapori uombe huyo pongo wako.”

Baba aliishika shotigani, akaiweka begani, akafumba jicho moja. Alisema marisau, zile risasi ndogondogo, yanatawanyika, lazima umsogelee mnyama, lakini mnyama anaanguka palepale; gobore linamjeruhi tu, anakwenda kuozea porini. Katika hilo alisema kweli. Nilishawahi kufuata damu ya pongo nusu siku nzima na kumkuta ameliwa na fisi. Njia nzima ya kurudi baba alikuwa anapiga mluzi.

Mluzi ulikatika kwenye ofisi ya kijiji. Ombi la silaha linaanzia kwenye kamati ya ulinzi, na kamati yetu ilikuwa na msimamo wake: nyumba moja, silaha moja. Mtendaji alimwambia baba, “Mzee akisalimisha gobore, ombi lako tunalipitisha. Asiposalimisha, labda tuone hawezi tena kulishika.” Baba alimwomba babu mara moja tu, tena mbele ya wageni. Babu alisema, “Nikifa mtalichukua. Mbona mna haraka?” Wageni wakacheka. Uso wa baba uliwaka, nikajua hatamwomba tena.

Angeweza kwenda kuiambia kamati kwamba mzee haoni. Ukweli huo ulitosha kabisa. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na jibu ninalolipata ni lilelile: mtu asiyeona huonewa huruma, na baba hakutaka mtu yeyote amwonee babu huruma. Alitaka achekwe.

Kamati ikaweka siku ya kumpima babu. Asubuhi hiyo babu alikwenda kuoga nami nilikuwa jikoni napepeta mahindi. Kupitia ufa wa ukuta nilimwona baba akilitoa gobore, akamimina baruti, akasukuma kitambaa na vipande vya chuma, akashindilia. Aligeuka akakuta namtazama. Hakushtuka. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

“Tumpe, babu ataua mtu siku moja. Unalijua hilo kuliko mimi. Wewe ndiye macho yake, si ndiyo?”

Alikuwa anajua kumbe. Nikaitikia kwa kichwa.

“Leo akikuuliza uzi, mwambie mdomoni. Akikuuliza tena, mwambie vinne. Mengine niachie mimi. Nitakununulia viatu vya shule.”

Ningependa kusema kwamba nilimuuza babu yangu kwa viatu, ingekuwa nafuu. Viatu sikuvitaka hata kidogo. Nilichotaka ni baba aendelee kuchuchumaa pale, akinong’ona na mimi kama mtu mzima mwenzake.

Kamati ilikaa kwenye viti nje ya ofisi, na nusu ya kijiji ilikuwa imesimama nyuma yao. Waliweka kibuyu juu ya kichuguu. Mwenyekiti, ambaye hakuwa Mhehe, alimsalimia babu kwa Kihehe cha utani, “Kamwene, fundi!” Babu akaitikia kwa heshima zote. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nilisimama pembeni yake na mfuko wa baruti. Akazamisha ufito, akainama kidogo upande wangu.

“Uzi?”

Uzi ulikuwa juu, vidole vinne vizima. “Mdomoni, babu.”

Akashindilia. Mikono yake ilikuwa mizuri sana wakati wa kazi ile. Akazamisha ufito tena.

“Vingapi?”

“Vinne.”

Akaweka fataki ya kuwashia baruti, akainua gobore, akalilaza shavuni. Nilimtazama baba ili aseme kitu, kwa sababu mengine nilikuwa nimemwachia yeye. Baba alikuwa amekunja mikono. Alikuwa anasubiri. Kidole cha babu kilianza kutafuta mahali pake, shavu lilikuwa limeshaegemea kwenye mti wa gobore, na baba bado alikuwa anasubiri. Sijui alisubiri kwa muda gani. Najua tu kwamba ulizidi muda aliouhitaji.

“Simama!” akapiga kelele. “Pimeni ufito!”

Mgambo akalichukua gobore, akazamisha ufito, akahesabu kwa sauti mpaka nane. Mwanamke mmoja akasema, “Mungu wangu, angejilipua kichwa.” Kisha vicheko vikaanza, vya woga kwanza, halafu vya kweli. Mwenyekiti akasema mzee apumzike, akili imechoka, na mtendaji akaandika hivyohivyo. Babu hakubishana. Aliuliza tu kama anaweza kubaki na ufito. Wakamwambia ufito ni sehemu ya silaha.

Njiani alinishika bega kama siku zote. Tulipofika kwenye miembe ya shule akasimama.

“Tumpe, uzi ulikuwa wapi?”

Baba alikuwa mbele yetu na asingesikia. Ningeweza kusema.

“Mdomoni, babu.”

“Basi ni mimi,” akasema.

Hilo ndilo lililomuua. Gobore angelizoea kulikosa. Tangu siku hiyo hakuamini tena kichwa chake. Aliuliza kama ameshakula na mdomo ukiwa bado na mafuta. Aliuliza kama mkewe amekufa kweli au ameota. Alikuwa mzima kabisa, nakwambia, na alijifunza uwendawazimu kwa bidii, kwa sababu mjukuu wake alikuwa amemhakikishia. Mvua za kwanza hazikumkuta. Shotigani ya baba ilifika wiki ya matanga, na pongo wa kwanza tulimla na waombolezaji. Viatu pia vilifika. Vilinibana.

Leo nakaa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, nashona sare za shule na malori yanapita mbele ya cherehani yangu mchana kutwa. Siku hizi nyumba inanuka dizeli na pasi ya mkaa. Baba nakaa naye tangu mama alipofariki. Alikuja na sanduku moja la nguo na shotigani yake, na kila jioni anaifuta kwa kitambaa, taratibu. Macho yake yameingia ukungu uleule. Mwaka huu polisi walitangaza uhakiki wa silaha, fomu zikaletwa mpaka kwenye kata.

“Nisomee, mama,” alisema. “Wanauliza nini?”

Nilimsomea yote. Tulipofika kwenye swali la macho, alisema, “Andika naona vizuri.” Nikaandika. Akauliza, “Umeandika?” Nikamwambia, “Nimeandika, baba. Unaona vizuri.” Nikamshika kidole gumba, nikakipaka wino, nikakiweka mahali pake, chini ya maneno niliyoyaandika mimi.

Walikuja kuichukua shotigani Jumatatu, askari wawili wenye adabu. Walipoondoka, baba alikaa barazani akisikiliza malori. Nami nilikaa mlangoni na pindo la sare mkononi, nikisubiri. Miaka yote hii nilikuwa nasubiri nisikie mtu mwingine akisema maneno ya babu: basi ni mimi.

“Uliniambia umeandika naona,” alisema mwishowe.

“Ndiyo, baba.”

Aligeuza uso kule nilikokaa, akakosea kidogo, akautazama mlango. Halafu akaanza kucheka, polepole, kwa raha kabisa.

“Kweli wewe nimekuzaa mimi,” akasema.