Majivu Ambayo Hayakufika Kasulu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba wastani ni kalenda. Nilikuwa na miaka kumi, na Kasulu nzima ilinuka moshi, kwa kuwa mwisho wa kiangazi watu huchoma mapori. Masizi mepesi yalitua juu ya nguo tulizoanika, juu ya mihogo, hata ndani ya ndoo za maji. Nilikuwa nimeokota kitabu cha jiografia kisicho na jalada, nikakisoma peke yangu, nikirudia ukurasa kila nilipohisi sikuuelewa barabara. Kilisema kwamba milipuko mikubwa kabisa ya volkano, ile inayofunika nchi nzima kwa majivu na kufifisha jua, hutokea kwa wastani mara moja katika maelfu mengi ya miaka, na kwamba wa mwisho ulikuwa zamani sana. Nikaufikiria ule ujao kama mkulima anavyozifikiria mvua zilizochelewa: basi umekaribia. Kila sizi lililotua nililiona ndilo jivu la kwanza.

Nilimuuliza Mama Furaha, mkimbizi wa Kongo aliyetoka kambi ya Nyarugusu kutuuzia sabuni siku za soko. Yeye aliwahi kuishi chini ya mlima wa moto.

"Moto unauona, unakimbia," aliniambia. "Ya kuogopa ni mazuku. Hewa mubaya, inalala mu mashimo. Hauione. Mbuzi yangu ililala pale, mutoto wangu akaifuata."

Mimi niliyependa makuu niliona shimo moja la hewa mbaya ni jambo dogo mno mbele ya jua kuzimika.

Tahadhari kabla ya hatari, tulifundishwa shuleni. Nikaanza kuziba nyumba ya bibi, tulimoishi na mama na mdogo wangu Neema. Nilijaza matambara madirishani na chini ya paa, kisha nikapaka udongo, nikabandua na kupaka upya palipobaki ufa. Bibi alinikandia udongo kwa miguu huku akicheka.

"Mjukuu wangu, hayo majivu yakija yatabisha hodi, au yataingia tu kama shemeji yako?"

Sikucheka. Nilimwomba aongeze maji.

Mvua za kwanza zilikuja na baridi. Alasiri moja mama alikuwa shambani, mimi shuleni. Bibi aliingiza jiko la mkaa ndani ili Neema apate joto, akafunga mlango kwa sababu mvua ilikuwa inapiga upande ule. Alikuwa akifanya hivyo miaka yote, na nyumba ilikuwa ikipumua kupitia nyufa zake. Nilirudi nikiwa nimefuatana na Mama Furaha, niliyekutana naye njiani. Alibisha, akasukuma mlango, akaliona jiko.

"Mazuku," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akanisukuma. "Shika miguu ya mutoto. Inje."

Neema alipelekwa kwa pikipiki hospitali ya Kabanga, akapona. Bibi tulimzika kesho yake. Msibani wapo waliosema ni kazi ya Mungu, wapo walionong'ona juu ya ulozi. Mama alipanda juu ya kinu akachomoa matambara, moja baada ya jingine, na mimi nikiyapokea.

Leo najua kwamba hewa ya mkaa si ile iliyomuua mtoto wa Mama Furaha, ingawa zote mbili huua bila kuonekana. Bado nasoma makadirio ya milipuko mikubwa, safari hii kwenye simu. Wanaoyatoa hutegemea matabaka machache ya majivu ya kale, nao hukiri kwamba huenda wamekosea sana. Mlima hauna zamu. Uwezekano kwa mwaka mmoja ni mdogo, na hauongezeki kwa kuwa tu tumengoja muda mrefu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; nilikuwa nimeikariri methali hiyo kwa ajili ya mtihani.

Sijaacha kuogopa. Ila nyumbani kwetu sasa jiko lenye moto haliingii ndani, hata mvua inyeshe vipi.