Mzee Pasi Hataki Kushuka

Mzee Pasi alikuwa dobi, na jina hilo alibandikwa na wateja ambao hawakuwahi kujisumbua kuuliza lake halisi. Chumba cha mbele alipigia pasi, cha nyuma alilala, na tangu mkewe afariki hakuna mwingine aliyevuka pazia la katikati. Binti yake aliolewa mbali. Akipiga simu, salamu na kwaheri zinapishana mlangoni. Bila kuuma maneno, mzee alikuwa mpweke.

Siku moja kijana fulani alileta suruali zilizojaa vumbi jeupe.

"Chaki yote hii, mwanangu, wewe mwalimu?"

"Mwalimu ndiyo, ila wa kupanda miamba. Hii ni ya mikono isiteleze. Njoo Jumapili, mzee wangu, tunaanza na wasiojua kitu."

Pengine kijana alisema kwa adabu tu. Shauri yake! Mzee Pasi alikuwa hajaambiwa "njoo" siku nyingi, akaenda.

Mwamba ulikuwa nyuma ya machimbo ya kokoto. Watu walikuja wawili wawili: marafiki, ndugu, wachumba wanaogombania helmeti. Mwalimu akampanga mzee na nesi mmoja ambaye rafiki yake hakutokea.

"Leo nimewapanga mimi," akatangaza. "Kuanzia wiki ijayo kila mtu aje na mwenzake wa kumshikia kamba. Asiye na mwenzake hapandi, hata alie."

Watu wakacheka. Mzee Pasi naye akacheka, huku baridi imemwingia moyoni.

Akavaa mkanda wa kiunoni na mapajani, akafunga fundo kama walivyofundishwa, akaanza kushika jiwe.

"Simama!" mwalimu akamzuia. "Nani amekukagua?"

"Nimejikagua mwenyewe."

"Hapa hakuna kujikagua. Yeye akukague wewe, wewe umkague yeye. Jicho lako limeshakuamini, halioni kosa."

Maskini, angejuaje? Mtu aliyezoea kujipima homa kwa kiganja chake mwenyewe! Nesi akalifuata fundo kwa kidole, na kweli, ncha ya kamba ilikuwa imepita njia isiyo yake. Likafunguliwa, likafungwa upya. Akavuta mkanda, akagonga helmeti kama anayebisha hodi. Mzee naye akamkagua.

"Sasa nenda, baba. Nimekushika."

Kamba ilipita kwenye pete juu ya mwamba ikarudi chini mikononi mwa nesi, naye aliivuta kila mzee alipopanda isije ikalegea. Katikati mguu uliteleza. Mzee akafumba macho, lakini hakwenda popote. Alining'inia tu, huku chini mtu amekaza.

Alipofika juu alitakiwa aegemee nyuma, aachie jiwe, ashushwe. Hakuachia.

"Usiogope, mzee!" mwalimu akaita. "Kaa kama unakaa kwenye kiti!"

Mzee akazidi kulikumbatia jiwe. Wachumba wakaanza kunong'ona. Nesi hakunong'ona, alisimama shingo juu, macho hayabanduki kwa mzee.

Mzee Pasi hakuwa na hofu ya kuanguka hata chembe. Aliona raha kwamba kuna mtu amesimama mahali, hawezi kwenda zake, hawezi hata kutazama pembeni, kwa ajili yake yeye. Akishuka tu, kamba itafunguliwa.

Hatimaye akaona nesi anabadilisha miguu kwa kuchoka. Aibu ikamshika. Akaachia.

Chini, nesi alikuwa anapuliza viganja vyake vyekundu. "Uliogopa, eh? Na wiki ijayo utakuja na nani?"

Mzee alikuwa na uongo tayari mdomoni: ndugu yake, jirani yake, mtu yeyote.

"Sina mtu," akasema. Tangu msiba alikuwa hajamwambia mtu yeyote maneno hayo.

Nesi akamtazama. "Wiki ijayo niko zamu, baba. Ile inayofuata nipo. Utanisubiri?"

"Nitasubiri," akajibu upesi mno, akabaki amelishika fundo lile kiunoni, hataki kulifungua.